Maji ya Pweto Yalikuwa Baridi

Dada yangu Mwila ana miaka thelathini na tatu, anauza samaki wakavu katika soko moja la Kampemba, na hana hakika kama aliwahi kuwa mtoto.

Naandika habari zake kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika. Hajafanya jambo la kutangazwa redioni. Anaamka, anafungua magunia yanayoletwa kutoka Pweto, anapanga samaki mezani wakubwa nyuma wadogo mbele, anauza, anarudi kwetu mtaani Hewa Bora akinuka moshi. Lakini nyumba yetu ilimfanyia jambo ambalo nyumba nyingi hulifanya kwa upendo, na mimi nimechoka kuambiwa kwamba kinachofanywa kwa upendo hakihojiwi.

Bibi yetu mzaa baba aliitwa Mwila. Alifariki Pweto, kando ya ziwa, wiki tatu kabla dada yangu hajazaliwa. Baba yetu, Adalbert, wakati huo alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Alikwenda kuzika, akarudi, akamkuta mkewe amejifungua msichana, na hakumuuliza mtu yeyote jina. Kwetu, mtoto anayepewa jina la marehemu ni kama yule marehemu amerudi kidogo. Anasalimiwa kwa cheo chake. Watoto wa marehemu humwita mama hata kama bado ananyonya. Baba alipiga magoti mbele ya beseni la kuogea, akapiga makofi mawili ya taratibu kama anavyosalimiwa mkubwa, akasema, "Jambo, mama. Umefika muzuri?"

Haya alinisimulia mama yetu, Huguette, maana mimi nilizaliwa miaka minane baadaye. Hucheka kila akifika hapo. "Fikiria, Désiré. Mama mukwe yangu anakojoa mu kitanda yangu kila siku, na miye sina ruhusa ya kumugombeza!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa mama yetu, kumchapa Mwila ilikuwa kumchapa mama wa mumewe. Sisi watoto wengine wa ukoo, mimi nikiwa mdogo wa wote, tulipokosea tulipigwa. Yeye alipokosea, aliombwa radhi. Tulimwonea wivu, tukalipiza kwa ulimi. Kwetu bibi huitwa nkambo, basi tulikuwa tunampigia kelele uani: "Nkambo, meno iko wapi? Nkambo, kuya uruke kamba, ao mugongo inauma?" Alikuwa anatutazama, halafu anaingia ndani kukaa na wakubwa. Huko alikuwa na kiti chake. Mama anasema mwanzoni miguu haikufika chini.

Sebuleni ilitundikwa picha ya bibi, imepigwa Pweto, amesimama mbele ya banda la kukaushia samaki, uso umekunjwa kwa jua. Chumbani mwa wazazi kulikuwa na kabati lenye kioo. Mwila alipokaribia miaka miwili, baba alikuwa anambeba hadi mbele ya picha na kumuuliza, "Huyu njo nani?" Alimfundisha kujibu, "Miye." Wageni walipokuja aliitwa aoneshe ujuzi wake, akanyoosha kidole, akasema "Miye," na wageni wakapiga makofi. Siku moja mama alimsimamisha mbele ya kioo cha kabati akamuuliza swali lile lile. Mtoto alijitazama muda mrefu. Kisha akageuka, akanyoosha kidole kuelekea sebuleni.

Mama alicheka siku ile. Aliponisimulia hapo hakucheka.

Chuo kikuu nilisomea saikolojia ya mtoto, na kuna mhadhara mmoja ambao nilitoka kabla haujaisha. Mwalimu alieleza kwamba mtoto mchanga ana kumbukumbu za aina nyingi: anaujua uso wa mama yake, anajua mlango wa jikoni uko wapi. Ila kumbukumbu ya kusema "siku ile mimi nilifanya hivi" inachelewa, maana inamhitaji huyo "mimi" awepo kwanza, ili jambo lipate wa kumtokea. Vitu hivyo viwili hukua pamoja. Wala havikui vyenyewe. Wakubwa huvikuza kwa kuuliza. Jana tulikwenda wapi? Nani alianguka? Ulilia? Mtoto anatafuta, anapata kipande, mkubwa anamwongezea kipande kingine, na kidogo kidogo mtoto anajijengea jana yake, na ndani ya jana hiyo anajikuta yeye mwenyewe. Wenzangu waliandika. Mimi nilifunga daftari nikatoka nje, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa imeuliza maswali hayo yote, kila Jumapili, kwa upole na kwa uvumilivu, kuhusu jana ya mtu mwingine.

Swali kubwa la baba lilikuwa la maji. Alipokuwa na miaka sita alitumbukia ziwani, na mama yake aliyekuwa anaosha samaki akajitupa na nguo zake zote akamtoa. Ndilo jambo analolipenda kuliko yote aliyonayo duniani. Alimsimulia Mwila akiwa mchanga, akamsimulia akitambaa, na kila mara alimaliza kwa kuuliza, "Unakumbuka, mama, vile ulinitosha mu mayi?"

Mwila alikuwa hajibu. Mpaka Jumapili moja, ana miaka minne kamili, akasema, "Ndiyo. Mayi ilikuwa baridi."

Baba alilia. Shangazi yetu, tantine Clotilde, mdogo wake baba, alitoka mbio hadi barabarani akiita majirani: "Mama iko anakumbuka! Kuyeni musikie!" Kuku alichinjwa. Mwila alipewa firigisi, nyama ya wakubwa, na baba akamlisha kwa mkono wake.

Maji gani hayakuwa baridi? Kila mtoto aliyewahi kuoga anajua maji ni baridi. Lakini alikuwa amegusa mlango na mlango ukafunguka na ndani kulikuwa na kuku. Jumapili iliyofuata alikumbuka nguo ilivyokuwa nzito. Iliyofuata, matope kati ya vidole. Alipofika miaka sita alikuwa anakumbuka harusi ya bibi, nzige wa mwaka fulani, uchungu wa kumzaa Clotilde. Simlaumu. Hakudanganya hata siku moja. Aliyaona kweli, kama mimi ninavyoona basi nililopanda asubuhi hii.

Akakua ndani ya hayo. Alifaulu mtihani wa taifa, akapata nafasi ya kusomea uuguzi mjini Likasi, mbali na nyumbani. Begi lilifungwa, likawekwa karibu na mlango. Baba hakumkataza. Alikaa chini kwenye saruji, mzee wa watu, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, utaniacha mara ya pili?" Mwila alifungua begi akarudisha nguo kabatini. Bibi alikuwa muuza samaki, basi miezi miwili baadaye akapatiwa meza sokoni. Alipoolewa na Paulin, dereva wa malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa, sharti lilikuwa wakae kwetu, chumba cha uani. Paulin ni mtu wa kucheka. Alisema hajawahi kusikia mwanamume akiomba kumwoa mama wa baba mkwe wake, akakubali.

Sokoni wanamjua kwa maneno yake. Mteja akimwambia, "Ee mama Mwila, huyu samaki iko na miaka ngapi?" humjibu, "Ni mutoto kwangu. Miye niko na mia moja na mbili, uliza papa yangu." Wanacheka wote, samaki wananunuliwa.

Ni hapo mezani, mwaka jana, nilipokwenda kumsaidia kubeba gunia, aliponiambia kuhusu mchezo wake. Wateja wakipungua anachukua kumbukumbu moja ya utotoni, anaitazama, anajiuliza: hii nani alinisimulia? Akimpata msimuliaji, anaiweka upande. Alisema imechukua miezi. Upande wa pili, usio na msimuliaji, imebaki moja.

"Ipi, yaya?" nilimuuliza dada yangu.

Alisitasita. Akatazama kulia na kushoto kama mtu anayeonesha kitu cha magendo. "Siafu. Wanapanda ukuta ya choo, mustari moja. Miye nimechuchumaa, niko na sapato moja tu. Mguu moja iko mu mayi ya sabuni. Basi."

"Basi?"

"Basi. Hakuna kitu inafanyika. Njo maana najua ni yangu, Désiré. Hakuna muntu aliniuliza."

Akaniapisha nisiwaambie nyumbani. Aliogopa tantine angesema, ah, hiyo pia alikuwa mama, Pweto kulikuwa siafu wengi. (Nimemwomba ruhusa ya kuiandika hapa. Alifikiri siku mbili, akanipa.)

Sasa nije kwa Vivi, maana bila yeye hadithi hii isingekuwa na la kupoteza.

Tantine Clotilde alikuwa na mtoto mmoja tu maishani mwake, Victorine, msichana wa kucheka kwa sauti, aliyefariki akijifungua akiwa na miaka ishirini na miwili. Miezi minne baadaye Mwila alizaa msichana. Tantine alikuja akakaa kwenye sakafu ya sebule siku tatu. Hakudai, hakulia, hakula. Siku ya tatu Mwila alimpa mtoto jina la marehemu. Nilimgombeza sana. Akanijibu, "Weye ulimuona vile alikuwa anakaa?" Jambo moja tu alijiwekea: mtoto aliandikwa Victorine, lakini yeye alimwita Vivi, jina ambalo hakuna marehemu wetu aliyewahi kulibeba.

Kwa miaka mitatu na nusu hapakuwa na ubaya. Tantine alileta utepe wa nywele na biskuti, akamwita mtoto "mwanangu." Kisha jioni moja Vivi alimwambia mama yake, bila kuulizwa, "Jana imbwa ilikula sapato ya papa." Mwila aliniita nije nisikie. Vivi akarudia, akaongeza kwamba yeye alimkimbiza yule mbwa, jambo ambalo halikutokea. Mwila alikuwa anatabasamu. "Ameanza," alisema. "Sasa batamuuliza."

Nikamwambia wakati umefika. Jumapili, baada ya chakula, awaambie wote kwamba kiti kile anakiacha. Yeye ni Mwila, ana miaka thelathini na tatu, si mama wa mtu ila wa Vivi. Nilimwandikia maneno kwenye karatasi. Nilikuwa na maneno mazuri: haki, uhuru, nafsi. Aliyasoma akiwa anafukuza nzi kwenye samaki, akaniambia nafsi ni neno kubwa kumwambia papa, lakini akakubali. Wiki nzima alijizoeza. Sijawahi kumwona mwepesi vile. Alinunua kitambaa kipya cha kichwa.

Jumapili tukala bukari, yaani ugali, samaki na mboga ya lengalenga. Tulikuwa sita sebuleni: baba kwenye kiti chake na kikohozi chake, mama, tantine Clotilde na Vivi mapajani mwake, mimi, na Mwila chini ya ile picha. Paulin alikuwa safarini. Nilimkonyeza dada yangu. Alinawa mikono, akasimama mikono ikidondosha maji.

"Papa. Tantine. Niko na neno."

"Sema, mama," baba alisema. Wote tukanyamaza.

Ila tantine hakuwa amesikia vizuri. Alikuwa ameinama anafunga utepe kichwani mwa mtoto, na katika ule ukimya sauti yake ya chini, akitaja gauni la zamani, ikasikika kila pembe: "Victorine. Unakumbuka ile robe ya manjano? Ile ya komunyo? Mvula ikanyesha, tukakimbia na weye, ukapoteza sapato yako mu matope. Unakumbuka, mwanangu?"

Vivi aliinua uso. Watoto wa umri ule humsoma mtu usoni haraka kuliko tunavyosoma gazeti. Aliona macho ya tantine yanavyongoja. Aliona babu amejisogeza mbele kwenye kiti. Mdomo ukafunguka.

"Mvula..." alisema.

"Eeeh! Mvula!" tantine alishika kifua. "Bantu, musikie! Mvula, na nini tena, mwanangu? Na nini?"

Nilimtazama Mwila. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwake na alikuwa ameisahau. Uso wake ulikuwa umerudi mahali ninapopajua, pale ambapo miguu haifiki chini. Vivi alikuwa anatafuta kipande cha pili, na tantine alikuwa amekishika tayari mkononi ampe.

"Clotilde."

Hatukuwahi kumsikia Mwila akimwita tantine hivyo. Tantine ana miaka karibu sitini. Alishtuka, glasi ya Fanta ikamwagika juu ya meza na juu ya nguo ya mtoto.

"Clotilde. Adalbert. Miye ni nani?"

Baba alijibu taratibu, kama kanisani. "Mama yetu."

"Nilibazaa?"

"Ulituzaa."

"Basi miye mama yenu nasema, na sitasema mara mbili. Yale Victorine aliona, musimuulize huyu mutoto. Robe, mvula, yote. Hakuna. Mumuulize yake ya jana, na kama hajui, mumuache."

Kisha tantine akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, pua na macho. "Mama, ata weye? Nitamuona wapi tena?"

Mwila alipita meza, akamtoa Vivi mapajani mwa tantine na kumpa mama yetu. Akakaa chini, akakivuta kile kichwa chenye mvi kwenye mapaja yake.

"Hautamuona, mwanangu," alisema. "Alikufa."

Miaka minne ilikuwa imepita na hakuna aliyelitamka neno hilo sebuleni kwetu. Tantine alilia mpaka akalala pale pale. "Robe ya manjano," Mwila alimwambia kabla hajalala, akimpapasa mgongo, "uishike weye. Ni yako na yake." Na baba yangu, polepole, akapiga makofi mawili kama anavyojibiwa mkubwa aliyetoa amri, na ikawa sheria.

Nilimfuata Mwila bombani alikokuwa anasugua masufuria. Nilikuwa na hasira, sifichi. Tangu mhadhara ule nilikuwa nimemtafutia mlango, mlango ukafunguka, naye akaufunga kwa mkono wake na kuketi ndani.

"Ulikuwa uwaambie unatoka! Sasa umejifunga yaya, hautatoka tena. Umesema weye mwenyewe, mbele ya wote!"

"Niko najua."

"Kwa nini haukusema kama Mwila?"

"Mwila ni mutoto yao, Désiré. Mutoto anawakataza wakubwa? Wangenicheka, wangemuuliza Vivi tena kesho." Aligeuza sufuria. "Nkambo njo wanasikia. Ni yeye tu. Nilikuwa na yeye tu."

Nikachukua sufuria alilolisugua, nikalisuuza. Nina hasira bado, na nadhani ni haki yangu kubaki nayo: kwamba katika nyumba yetu, ili mtoto mmoja awe mtu wake mwenyewe, ilibidi mwanamke mzima akubali kutokuwa.

Tangu siku ile anaitika kila anapoitwa. Amri haiwezi kusimama bila mwenye amri. Zamani alikuwa anachelewa kidogo, anajifanya hajasikia, sasa hachelewi. Kitambaa kile kipya amempa mama.

Jumapili iliyofuata tantine Clotilde alikuja, akapiga magoti mlangoni, akasema, "Jambo, mama." Mwila akamwitikia, "Jambo, mwanangu. Umelala muzuri?" Kisha tantine akakaa kwenye kiti mikono mitupu, kama mgeni asiyeijua lugha ya nyumba. Vivi alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya chupa. Tantine alimtazama muda mrefu. Alifungua mdomo, akanitazama mimi, akamtazama Mwila, akaufunga. Mwishowe akakohoa.

"Vivi," alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutumia jina hilo. "Ile dimanche, ile Jumapili... tulikula nini?"

Vivi hakuinua kichwa. "Sijue."

"Haya," tantine alisema. "Hajui. Nimuache."

Lakini mtoto alikuwa ameshika kifuniko kimoja cha Fanta, anakigeuza. "Weye ulilia," alisema. "Ukamwanga Fanta. Ikaingia hapa." Akaonesha goti lake. "Ilikuwa inanata. Miye nikailamba."

Hakuna aliyekuwa amemsimulia. Nilimwona mama yetu ameacha kuchambua lengalenga. Nilimwona dada yangu ameegemea fremu ya mlango, mkono mdomoni, anamtazama binti yake kama vile mtu anavyomtazama msafiri aliyevuka mpaka na mzigo wake wote.

"Njo vile," tantine alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka lakini haikuvunjika. "Nililia. Na tena?"

Vivi akafikiri. Kutoka chumbani baba alikohoa, akaita, "Mama! Mama, uko wapi?"

"Niko nakuya, mwanangu," Mwila alijibu, akafuta mikono, akaenda kabla Vivi hajapata kipande cha pili.